Mtamba Niliyemwacha Kwenye Theluji

Mnaniuliza kila tukikutana safari ilinigharimu nini. Haya basi: jino moja la mbele, koti moja la sufi, na mtamba mmoja mzima. Nimehesabu mara mbili. Jino nimelisamehe, koti nitawaeleza lilikokwenda. Mtamba ndiye anayenifanya nikae chini niandike, maana kuna binti wa watu ananisubiri Kwedizinga, na baba yake anasubiri ndama.

Kwa kuwa karatasi hii itapita mikono mingi kabla ya kurudi kwangu, wale msionijua mjue kwamba naitwa Shabani, dalali wa mbuzi na ng'ombe hapa Korogwe, nyumbani Kwamndolwa. Baba yangu alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge akasahau kurudi. Mnadani wananiita Rudia, kwa sababu kila kitu nakihesabu mara ya pili, hata chenji ya kipofu. Habari za pasi, tiketi na kudungwa sindano nawaachia makarani. Mimi nasimulia yaliyonipata.

Korogwe: mapatano ya jikoni

Mwantumu binti Sechambo nilimposa mwaka mkonge ulipopanda bei. Kibiashara lilikuwa kosa. Mkonge ukipanda, kila mkata mkonge ana shilingi. Kila mwenye shilingi anataka ng'ombe. Na ng'ombe nao wanaota kiburi. Mahari nilikuwa nimeitoa karibu yote: mbuzi wa wajomba, blanketi la bibi, jembe, mkaja wa mama. Kilibaki kitu kimoja tu, mtamba.

“Sitaki maksai, sitaki ndama dume, sitaki maneno,” aliniambia Mzee Sechambo, baba yake Mwantumu. “Nataka mtamba atakayezaa. Maneno unayo mengi, Shabani, ila sina zizi la kuyatia.”

Siku hizo Bwana Magongo, fundi mkuu wa mitambo katika shamba la mkonge, alikuwa ameanguka kutoka kwenye toroli akavunjika mguu wa kulia. Ndiyo maana watu wakamwita Bwana Magongo, na jina lake la kuzaliwa sasa hata mke wa karani halikumbuki. Kwao ni Norwei, juu kabisa kaskazini, mahali ambapo dunia imeishiwa udongo. Alipewa likizo aende kwa mama yake, akataka mtu wa kumshika mkono na kumbebea mizigo. Kwanza alimwomba mpishi wake, Mhina, ambaye ni baba mdogo wa Mwantumu. Nikamkuta Mhina jikoni anakwangua sufuria kwa hasira.

“Kwao Bwana maji yanasimama,” aliniambia. “Mtu akitema mate yanaanguka kama changarawe. Mimi Mzigua, nimezaliwa niote jua. Nenda wewe, Mnyamwezi. Ninyi ndio mliozoea kubeba mizigo ya watu mpaka mwisho wa dunia.”

Mzigua na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo sikukasirika. Nilimwambia tu kwamba Mzigua hawezi kwenda mbali kwa sababu akipita kijiji cha tatu anamlilia shangazi. Kisha nikajifuta vumbi, nikaingia sebuleni kwa Bwana.

“Weye taka shilingi ngapi?” akaniuliza. Kiswahili chake alijifunzia mtamboni, kila neno lina mafuta ya mashine.

“Sitaki shilingi, Bwana. Nataka mtamba.”

“Mimi hapana ng'ombe.”

“Bei yake basi. Na nilipwe siku tutakayofika kwa mama yako. Nikifa njiani kurudi, angalau nife nimelipwa.”

Akasema ndiyo palepale, bila hata kuguna. Dalali akikubaliwa haraka hivyo hulala vibaya. Sikulala mpaka Tanga.

Tanga na baharini

Gari moshi lilikaa Muheza muda mrefu hata machungwa ya dirishani yakashuka bei mara tatu. Mara ya tatu nikanunua, likaondoka kabla sijapewa chenji. Mama muuzaji alikimbia pembeni ya behewa akinyoosha mkono, nami nikanyoosha wangu, tukakosana kwa kidole kimoja. Abiria wenzangu wakanipa pole kana kwamba nimefiwa. Huo ulikuwa mwanzo.

Kuhusu bahari sina mengi. Meli ni nyumba inayomkataa mpangaji usiku na mchana. Nilikula wali mara nyingi na wali ukanirudia mara zilezile, hesabu ilisawazika. Bwana, kwa mguu wake mmoja, alitembea sitahani kama jogoo. Mimi mwenye miwili nilitambaa. Watu wakawa wanauliza kati yetu nani anamhudumia nani.

Mji wa viatu

Tulishuka katika bandari moja ya Ulaya kubadili meli, ukungu ukatuweka hapo siku kadhaa. Ukungu wao si wa Lushoto unaoinuka ukinywa chai. Ule ulikuja na mkeka wake ukalala.

Bwana aliniambia ninunue viatu vya baridi. Nikapata mzee mmoja sokoni, ana rundo la mabuti yaliyotumika, makubwa, yamejaa manyoya ndani. Hatukuwa na lugha, lakini biashara haihitaji lugha. Akanyoosha vidole, nikacheka. Akapunguza, nikaondoka. Akanivuta mkono, nikarudi. Mwisho nililipa chini ya nusu ya alichotaka, na mzee akashika kichwa kama aliyeibiwa. Nilivihesabu viatu: viwili. Nikarudia: viwili. Nikavitia guniani nikiimba.

Chumbani ndipo nilipovivaa. Vyote vilikuwa vya mguu wa kushoto.

Bwana Magongo alicheka mpaka gongo likaanguka. “Mimi hapana mguu ya kulia, weye hapana kiatu ya kulia,” akasema. “Sasa sisi sawa.”

Nilirudi sokoni. Mzee yule, pengine kwa bahati, alikuwa amefunga mapema.

Kule jua linakofunga duka

Meli ya pili ilikuwa ndogo, ikipita katikati ya milima iliyosimama ndani ya maji, inasimama kila kijiji kupakua unga na kupakia samaki. Kila tulivyopanda kaskazini, jua lilizidi kuwa mvivu. Siku moja lilichungulia kidogo, likaona hakuna wateja, likafunga duka. Baada ya hapo ikawa giza asubuhi, giza mchana, na jioni giza lenyewe. Sala zangu nikazisali kwa saa ya Bwana. Kila nilipomwomba anitazamie saa alisema, “Mungu yako hapana lala?” Nami nikamjibu kwamba ndiyo sifa yake mojawapo.

Usiku mmoja, kama ni usiku, mbingu ilishika rangi ya kijani kibichi ikawa inapepea kama kanga kwenye kamba. Nikamwamsha Bwana nikimwambia kuna shamba la mtu linaungua. Akatazama, akanitazama, akalala. Mabaharia wakaniletea chai, wakanipigapiga begani. Mpaka leo sijajua ni mwenge wa nani ule, ila wenyewe hawaudai kodi.

Mama yake Bwana alikuwa gatini na taa. Ni kikongwe mfupi, mnene, uso umekunjamana kama maembe ya mwisho wa msimu, na ana mkono wa kuvuta nyavu. Nikamwinamia.

“Shikamoo, bibi.”

Hakulijua neno lile, lakini jambo lenyewe alilijua. Aliniwekea kiganja kichwani, akasema maneno yake, kisha akatazama miguu yangu, akamgeukia mwanawe akamgombeza kwa muda mrefu. Bwana alinitafsiria kwa kifupi: “Mama sema mimi mjinga.”

Theluji nimeulizwa sana. Ni kama unga wa muhogo uliomwagwa na mtu asiyejua bei yake. Ukikanyaga inalia. Ukiipuuza inaingia shingoni. Na kwa kuwa viatu vyangu vyote vilikuwa vya kushoto, asubuhi ya kwanza majirani waliziona nyayo zangu kutoka mlangoni hadi chooni wakaja kumwuliza Bibi kwa heshima: hao wageni wake wawili wenye mguu mmojammoja, walijeruhiwa wapi?

Jino lilitoka siku hiyohiyo. Ukutani Bibi alikuwa ametundika samaki wakavu, wakubwa kama mbao za mlango. Nikasema, nimepata ng'onda! Sisi tuliokulia Korogwe tunajua ng'onda huliwa njiani, unaing'ata tu. Nikaing'ata. Kulitokea mlio. Bibi akatoka mbio, akanionyesha nyundo nyuma ya mlango. Kule samaki hupigwa kwanza kwa nyundo, kisha hulowekwa, ndipo huliwa. Tangu siku hiyo alinipikia uji wa maziwa na kunitazama nikinywa, kama mtu anayemtazama ndama aliyefiwa na mama.

Mnyama aliyeazima miguu

Huyu mnyama ndiye mnayeniomba nimrudie kila kikao, kwa hiyo namwandika mara moja niachwe.

Ilikuwa adhuhuri, giza totoro. Bibi ana kondoo wachache na rundo la majani makavu nyuma ya banda. Nilitoka kuchukua kuni nikasikia mtu anatafuna. Nikainua taa. Mbele yangu alisimama mnyama mkubwa kupita pofu, yule swala mkubwa wa nyikani kwetu, miguu mirefu kama ameiazima kwa twiga, pua kama buti lililoachwa mvuani, na chini ya kidevu kandevu kama ka mzee wa baraza anayependa rushwa. Anakula majani ya kondoo wa Bibi bila hata kupiga hodi.

Ninyi mnajua kule Magoma nguruwe wakiingia kwenye mahindi tunafanya nini. Mtu anashika debe. Nikashika ndoo ya bati na mwiko wa chuma, nikaanza. Nilipiga ngoma yote niliyoifahamu. Mnyama aligeuza shingo, akanisikiliza, akaendelea kula kwa kufuata mdundo.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba katika kijiji kile, mtu akigonga chuma namna hiyo ana maana moja: nyumba inaungua. Kijiji kizima kilifika. Walikuja na ndoo, na ngazi, na shoka. Mmoja alikuja na blanketi lililolowa ambalo tayari lilikuwa limeganda, amelibeba kama mlango. Mzee mmoja hakuwa na suruali. Wakasimama mduara wakitafuta moto. Bwana Magongo akatokea mlangoni.

“Shabani! Moto iko wapi?”

“Hakuna moto, Bwana. Kuna pofu.”

Akawatafsiria. Wote wakamtazama mnyama. Mnyama akawatazama wote. Bibi akatoka na ufagio, akamwendea yule mnyama moja kwa moja, akamwambia maneno mawili, akamchapa tako. Mnyama akaondoka, polepole, ameudhika, kama mlevi aliyetolewa kilabuni kabla ya kumaliza kata yake.

Na kwa kuwa watu wamekwisha kuja, Bibi alilazimika kuwachemshia kahawa. Hawakuondoka mpaka kahawa yake ya mwezi ikaisha. Yule mzee asiye na suruali alikunywa vikombe vinne. Hivyo nilivihesabu mara mbili kwa sababu ya uchungu.

Zizini kwa Mzee Anta

Sasa tulieni, hapa ndipo palipo na shauri langu.

Bara ya nchi ile, mwendo wa siku nzima kutoka pwani, wanaishi wafugaji. Ni kabila jingine na la Bwana, wana lugha yao, wanavaa majoho ya buluu yenye mapindo mekundu, na mali yao ni mnyama ambaye jina lake ulimi wangu ulilikataa. Mimi namwita kulungu wa baridi. Ana ukubwa wa ndama wa mwaka mmoja, manyoya ya kijivu, kwato pana kama sahani, na pembe zenye matawi kama mchongoma. Anavuta mizigo, anakamuliwa, anafukua theluji na kula ukungu wa mawe, ile kuvu inayoota juu ya miamba. Chakula bure, banda hana. Mtu yeyote wa Handeni aliyeona kiangazi akisikia hayo anaketi chini.

Bibi alikuwa na kulungu wake wawili huko, amewaweka kwa rafiki wa marehemu mumewe, mfugaji anayeitwa Mzee Anta. Alitaka kuwaona, nasi tukaenda naye. Tulivutwa ndani ya kitu kama mtumbwi mfupi, nchi kavu, na mnyama aliyekuwa akinigeukia kila baada ya muda kuona kama bado nipo. Mara mbili sikuwepo. Walirudi kuniokota.

Mzee Anta nilimtambua kabla hajatajwa. Amesimama ameegemea fimbo, jicho moja kwa mgeni, jicho moja kwa kundi. Nikamwambia Bwana amwulize ana wanyama wangapi. Bibi akakohoa. Mzee Anta akanigeuzia mgongo, akaanza kuzungumza na mbwa. Ndipo nikajilaumu: mimi niliyefukuzwa na fimbo katika nyika ya Handeni kwa swali hilohilo! Mfugaji haulizwi idadi, popote pale duniani.

Bwana alikuwa amenilipa ujira wangu siku ile tuliyofika, noti mbichi, nami nilikuwa nazo mfukoni. Nikamwuliza bei ya kulungu mmoja. Aliponitajia, moyo uliruka. Ilikuwa nusu ya mtamba wa kwetu.

Sasa nifuateni kwa akili, msicheke kabla. Kwetu ng'ombe kukaa kwa rafiki si jambo geni. Ng'ombe wa Mzee Sechambo wametawanyika kwa watu mpaka Umaasaini, na hakuna aliyewahi kusema si wake. Ikiwa Bibi anaweka wake kwa Anta, kwa nini mimi nisiweke wangu? Nitalipa nusu, mtamba atazaa, mahari itakuwa imekamilika, na nusu inabaki mfukoni. Nilijiona nina akili kuliko watu wote walio kaskazini ya Korogwe, na siku ile walikuwa wengi.

Bwana alibaki hemani mwa wafugaji na mguu wake na kahawa. Nikaenda kuchagua na Mzee Anta, wawili tu, kwa ishara. Mwanga ulikuwa kama wa alfajiri iliyoghairi. Theluji iliwafika wanyama tumboni. Mnanijua: mnadani sinunui hata mbuzi kabla ya kuinama na kutazama chini. Lakini pale ningeinama wapi? Chini ilikuwa imefukiwa.

Nikatumia akili. Huyu si ng'ombe, nikajiambia, huyu ni wa ukoo wa mwituni. Na kwetu mwituni, pongo, tandala, swala pala, mwenye pembe ni dume, asiye na pembe ni jike. Kila mtu anajua. Basi nikapita katikati ya wale wenye pembe bila kuwatazama, mpaka nikamwona mmoja hana kitu kichwani, mkubwa, shingo nene, mpole. Alikuwa amefukua shimo lake la kula, akaja mwenye pembe akamsukuma, naye akaondoka bila ugomvi. Nilimwonea huruma. Madume hayana adabu popote, nikasema. Nikamwekea mkono mgongoni: huyu.

Mzee Anta akatikisa kichwa. Akanionyesha mwenye pembe, akachora tumbo kubwa hewani kwa mikono miwili. Nikacheka. Muuzaji akianza kukushauri, fumba mkoba. Nikaona anataka kunibambika wa bei kubwa. Nikamshika wangu zaidi. Akanionyesha tena, akachora tumbo tena, kubwa kuliko la kwanza. Nikakaza. Akainua mabega, akatoa kisu, akamkata mnyama wangu alama sikioni, kama tunavyowakata wetu, akanipa kile kipande cha sikio nikitie kwenye kibiriti changu.

Tukashikana mikono. Nilikuwa tajiri.

Kurudi, kwa ufupi

Nusu ya fedha iliyobaki ilinunua koti la sufi na zawadi chache. Kilichosalia kiliishia mfereji wa Suezi, ambako nilikutana na madalali wa mashuani wanaonizidi. Naomba tusilizungumze.

Kwedizinga: baraza

Mzee Sechambo alinipokea ukumbini na ndugu zake wawili, mmoja akiwa Mhina mpishi, aliyekuja njia yote hiyo kwa miguu makusudi aone nikiaibika.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Yuko wapi?”

“Nani, baba?”

“Sikuketi hapa kukuulizia afya. Mtamba.”

Nikaeleza. Nilipomaliza, Mhina akajipiga paja.

“Jamani,” akasema Mhina, “Mnyamwezi analipa mahari kwa mnyama wa ndotoni!”

“Si wa ndotoni. Yuko kwa Mzee Anta.”

“Na huyo Anta ndiye nani?” akauliza Mzee Sechambo.

“Mfugaji, baba. Nilimwuliza ana wanyama wangapi akanigeuzia mgongo.”

Mzee akainua uso kwa mara ya kwanza. “Alikugeuzia mgongo?”

“Wote. Akazungumza na mbwa.”

“Basi ni mfugaji wa kweli.”

Nikafungua kibiriti, nikatoa kipande cha sikio. Kilizunguka mikononi mwao. Mzee akakinusa, akayapima manyoya kwa ukucha, akatazama ulipopita kisu. “Kisu kikali,” akasema. “Mkono haukutetemeka.” Mhina akasema hata paka ana sikio. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mlango, ya mke mdogo wa mzee:

“Na wa mahari yangu mimi alikuwa wapi? Si mliambiwa yuko kwa rafiki huko Umaasaini? Nimezaa wawili ndipo nikamwona, tena amekonda!”

Watu wakacheka, na mzee naye akacheka kwa shida, maana alikuwa ameshikwa na maneno ya nyumba yake mwenyewe. Akaniuliza anakula nini, analala wapi, anaogopa nini. Kila jibu lilimpendeza kuliko lililotangulia. Ukungu wa mawe! Bila mchungaji! Akamwita jina palepale, Kaskazini. Kisha akanyamazisha watu.

“Shabani, ninaloamini si mnyama wako, ni jicho lako. Miaka yote hii mnadani sijasikia mtu akisema umekosea mnyama. Nakubali. Siku nitakayosikia Kaskazini amezaa, Mwantumu atatoka.”

Nilirudi Kwamndolwa natembea juu ya majani.

Mlango wa jikoni

Mvua zikanyesha zikaisha. Wiki iliyopita nilipeleka mbuzi shambani, nikamkuta Bwana Magongo barazani kwake na barua ya mama yake. Mguu umepona, jina limebaki.

“Shabani! Mama yangu salimu weye. Anta sema dume yako ota pembe kubwa sana. Maridadi.”

“Dume gani, Bwana?”

“Yako. Ile weye nunua.”

“Mimi nilinunua jike. Halikuwa na pembe.”

Akanitazama kama anavyotazama toroli lililoacha reli. “Wakati ya baridi dume angusha pembe. Jike bakisha, sababu ana mimba, lazima pigania shimo ya chakula. Kila mtoto kule jua.”

“Na mbona hukuniambia?”

“Mimi fikiri weye taka dume. Weye dalali!”

Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka. Mhina akatoka ameshika mbavu, machozi yanamtiririka. Alinivua koti langu la sufi begani, akalivaa, akafunga vifungo vyote, akarudi kwenye moto. Ni haki yake, mtani akikukamata unalipa. Ametaka koti awe kimya, nami nikalipa. Tangu siku hiyo anapika amelivaa, jasho linamtoka mpaka kwenye mchuzi, na kila anayemwuliza kwa nini, anajibu, “Mwulize Shabani.” Ukimya gani huo?

Juzi nikamtafuta Mwantumu mtoni nikamweleza yote. Alicheka hata akatua mtungi. Akaniomba nichore lile tumbo alilolichora Mzee Anta. Nikalichora. Akacheka tena, akakaa chini. Kisha akajifuta macho kwa kanga, akawa mtu mwingine.

“Ijumaa baba anakuja mnadani Korogwe,” akasema. “Ukimwambia wewe mwenyewe, nitakungoja hata miaka miwili mpaka upate mtamba mwingine. Akisikia kwa baba mdogo, usije kwetu. Baba anaweza kusamehe dume. Kuchekwa na ndugu yake kabla hajajua anachekewa nini, hatasamehe.”

“Utaningoja kweli?”

“Si nilikungoja ukiwa umevaa viatu viwili vya kushoto?”

Leo ni Jumatano. Nitamwambia, hilo nimeshakata. Ninalowaombeni ni msaada, na msaada wenyewe ni wa aina mbili. Mwenye mtamba kati yenu na moyo mpana, nipo tayari kubadilishana leo hii: dume moja, zima, shingo nene, pembe mpya, hahitaji majani yako wala banda lako; gharama ya kumleta ni juu ya mnunuzi. Na asiye na mtamba anishauri tu, kabla ya Ijumaa asubuhi: mbele ya mzee aliyeniahidi binti yake kwa kuliamini jicho langu, mtu huanza na shikamoo, au huanza kwa kukimbia?